Kabati la Njumu na Kasha la Bibi

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni kweli kwa embe la dodo, kwa samaki aliyetoka majini alfajiri, na kwa leso mpya iliyoanikwa dukani. Lakini mwenye kushika biashara ya vyombo vya kale atakuambia kuwa hapo msemo wagota. Chombo cha kale hakijiuzi, hata kiwe kizuri namna gani. Chahitaji mtu wa kukisemea: kimetoka wapi, kimeundwa na nani, kimepita mikono gani. Kisiposemewa chaenda kwa bei ya kuni.

Tuchukue mfano mmoja, ndugu msomaji, ili maneno yetu yapate pa kukaa. Tuseme leo mjini Kakamega mtu amelitoa kabati nje ya nyumba na kutangaza kuwa auza. Si kabati la mvule la kawaida. Ni kabati la Kiingereza, la mtindo wa mwisho wa karne ya 18, refu na jembamba miguuni, lenye mbao ya manjano inayong'aa kama atlasi, na kwenye milango yake limetiwa njumu za miti mingine: mashada ya maua yaliyoning'inizwa, mitungi yenye mikono miwili, na duara lililofunguka kama kipepeo cha mkononi. Mwenyewe ataka fedha nyingi. Majirani wacheka. Fundi wa hapo njiani asema angeliunda jipya kwa robo ya bei hiyo, tena kwa mbao ngumu zaidi.

Nani kati yao ana haki? Kulijibu swali hili yatupasa kwenda mbali kidogo, kisha turudi kwetu pwani, maana huko ndiko swali lenyewe linakotuuma.

KAKAMEGA NA WAGENI WAKE

Kwanza mtu atauliza: kabati la mabwana wa Uingereza litafikaje Kakamega, katikati ya mahindi na miwa? Si muujiza. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana katika nchi ya Waluhya kandokando ya mji huo, na katika muda mfupi Wazungu wakamiminika. Walikuwapo wakulima walioharibikiwa na bei za mazao wakati ule wa dhiki ya uchumi duniani, walikuwapo mabaharia na maaskari wastaafu, na walikuwapo wenye makampuni kutoka London. Wengi walianza na mahema na vibanda vya nyasi. Waliofanikiwa wakajenga nyumba, na mwenye nyumba hutafuta vyombo. Mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, uliendelea hadi 1952 ndipo ukafungwa. Hata ndani ya Msitu wa Kakamega, mwenye kiwanda cha kupasulia mbao alijijengea nyumba nzuri mwaka 1948, nayo ingalipo, imekuwa mahali pa kupumzikia wageni, ikiitwa Rondo.

Ilipokaribia Uhuru na baada yake, Wazungu wengi nchini wakafunga virago. Meli haibebi kila kitu. Vyombo vingi viliuzwa mnadani, vingine wakaachiwa wapishi na makarani, vingine vikabaki katika nyumba za serikali na za misheni. Ndiyo maana mpaka leo katika miji ya bara waweza kuingia nyumba ya mzee mstaafu ukakuta saa ya ukutani, meza au kabati ambalo mwenyewe hajui asili yake, ila alilirithi kwa baba aliyelinunua kwa shilingi kadhaa.

Lakini msomaji wa pwani asidhani kuwa Wazungu ndio waliokuwa wageni wa kwanza huko. Zaidi ya kilomita 30 kutoka Kakamega uko mji wa Mumias, makao ya Nabongo wa Wanga. Misafara ya watu wetu, kutoka Mombasa na Pangani, ilikuwa ikifika hapo kabla ya Mwingereza kujua njia. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1883, sehemu kubwa ya safari yake alikuwa amefuatana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Nabongo Mumia, aliyefariki 1949, alikaa na watu wa pwani, akaupokea Uislamu, na Mumias mpaka leo ni mji wa misikiti na madrasa. Makao ya wilaya yalikuwa hapo Mumias kwanza, yakahamishiwa Kakamega mwaka 1920.

Basi palikuwa na biashara ya pembe kabla ya dhahabu, na pembe hizo, kama tutakavyoona, zina neno katika habari ya kabati letu.

KABATI LENYEWE NI NINI

Mtindo wa kabati hili ulizaliwa kaburini. Katika nchi ya Italia, miji miwili ya Warumi, Herculaneum na Pompeii, ilifukiwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79. Uchimbaji ulianza Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748, na watu wa Ulaya wakapigwa na bumbuazi kuona kuta zilizopakwa rangi, mitungi na nakshi za kale zikitoka ardhini. Kijana mmoja wa Scotland, Robert Adam, mjenzi wa majumba, alikwenda Italia akakaa miaka, akazichora nakshi hizo, akarudi London mwaka 1758. Tangu hapo matajiri wa Uingereza wakataka kuta zao, madari yao na makabati yao yafanane na ya Warumi. Mapambo mazito yaliyojipinda kama mawimbi yakatupwa, yakaja mistari iliyonyooka, duara na mashada membamba.

Fundi aliyevuma kuliko wote ni Thomas Chippendale, mtoto wa seremala kutoka Yorkshire, aliyezaliwa 1718 akafa 1779. Mwaka 1773 alipeleka katika jumba la Harewood kabati pana lenye njumu za sura za Diana na Minerva, miungu ya Warumi. Hati ya malipo ingalipo mpaka leo, na bei yake imeandikwa: pauni 86. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa fedha ambayo mtumishi wa nyumbani asingeipata kwa miaka kadhaa ya kazi. Wengine wawili wanaotajwa sana ni George Hepplewhite, aliyefariki 1786 na kitabu chake cha michoro kikatolewa na mjane wake mwaka 1788, na Thomas Sheraton, aliyefariki 1806 katika ufukara.

Hapa pana jambo la kushika. Wauzaji wa vyombo hupenda kusema, "Hili ni la Hepplewhite", "Lile ni la Sheraton." Waama hawa wawili wanajulikana kwa michoro yao. Chombo ambacho mtu aweza kukiapia kuwa kilitoka mikononi mwao hakipatikani. Jina hilo ni la mtindo, kama vile sisi tusemavyo "mlango wa Kihindi" bila ya kumaanisha kuwa aliyeuchonga ni Mhindi. Anayekuuzia jina badala ya mbao, mwulize hati.

Sasa njumu hutiwaje? Kwetu neno hili twalijua kutoka kwenye bakora, mapanga na mabunduki ya zamani, ambako fedha au shaba hukazwa ndani ya mti. Waingereza walifanya kwa mti ndani ya mti. Mwili wa kabati ulikuwa wa mbao za kawaida. Juu yake hugandishwa ngozi nyembamba ya mbao ya thamani, iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono. Katika ngozi hiyo fundi hukata ua kwa msumeno mwembamba kama uzi, kisha hukata ua lile lile katika mti wa rangi nyingine, akalipachika pale palipo wazi bila ya kubakisha nafasi ya kupitisha ukucha. Ili jani lionekane limeviringika, hakulipaka rangi. Alichovya ukingo wake katika mchanga wa moto mpaka ukaungua kidogo na kupata kivuli. Gundi ilikuwa ya ngozi na mifupa ya wanyama, ikapashwa moto. Kazi hii haitaki haraka, na seremala yeyote wa Lamu au wa Kakamega akiitazama kwa karibu ataivulia kofia.

MITI ILITOKA WAPI

Uingereza hauoti mti wa atlasi wala mkangazi. Ile mbao ya manjano ililetwa kutoka visiwa vya Karibi na kutoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Mkangazi ulikatwa Jamaika, Kuba na Honduras, na waliokata walikuwa watumwa waliotekwa Afrika. Tena fedha za kununulia kabati zilitoka huko huko. Jumba la Harewood, lililopokea lile kabati la pauni 86, lilijengwa na Edwin Lascelles, na utajiri wa ukoo wa Lascelles ulitokana na biashara ya sukari na mashamba ya watumwa katika visiwa vya Karibi, Barbados ikiwa ya mbele. Historia hiyo Waingereza wenyewe wameiandika na kuisema.

Na pembe? Makabati mengi ya namna hii yana kipande kidogo cha pembe ya ndovu kilichozunguka tundu la ufunguo, au mstari mwembamba wa pembe ukingoni. Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya pembe za upande wetu ilikwenda India. Karne ya 19 mambo yakageuka. Unguja ikawa soko kuu la pembe duniani, na pembe zikapakiwa kwenda London, Bombay na Marekani, zikawa vipini vya visu, vifungo vya piano na mapambo ya samani. Misafara ya Mumias ilikuwa tawi moja la mto huo. Kwa hiyo kabati lililoundwa London wakati wa Malkia Victoria likaletwa Kakamega kwa meli na gari la moshi laweza kuwa na kipande cha pembe kilichopita njia ile ile, kikielekea upande wa pili, miaka mingi kabla, mabegani mwa wapagazi. Hatusemi kuwa ndivyo ilivyokuwa kwa kila kabati. Twasema njia ilikuwapo, na aliyebeba mzigo hakuandikwa jina.

KUJUA LA KALE NA LA KUIGA

Tumesema "lililoundwa wakati wa Malkia Victoria" makusudi. Mtindo wa Robert Adam ulilala kwa miaka, ukaamka tena katika karne ya 19. Kampuni ya Wright na Mansfield ya London ilipeleka kabati la mtindo huo kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, likasifiwa, na sasa limo katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert. Baada ya hapo maduka mengi yaliunda makabati ya namna hiyo, mpaka baada ya 1900. Mengi yao ni mazuri sana. Lakini hayana umri unaotajwa, na bei yake si moja.

Basi mwenye kutaka kununua asitazame uso tu, maana hata kinyago kina uso. Afungue. Avute watoto wa kabati na kuyaangalia yale meno yaliyokumbatiana pembeni. Yakiwa yamelingana yote kama yaliyotiwa chapa, hiyo ni kazi ya mashine. Ya mkono hayalingani sawasawa. Atazame skrubu. Za kabla ya katikati ya karne ya 19 hazikuwa na ncha kali, na mfereji wake mara nyingi haukukaa katikati. Apime unene wa ile ngozi ya mbao pale ilipobanduka. Ya kale ni nene, yafika milimita moja hadi mbili, na ya mashine ni nyembamba. Ageuze nyuma ya kabati. Mbao za kale hunywea, huachana, huacha nyufa. Akikuta pleiwudi, arudi nyumbani na fedha zake, au atoe bei ya pleiwudi.

Kisha atazame afya. Kakamega ni nchi ya mvua nyingi, hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na gundi ile ya zamani ni adui wa unyevu. Njumu huinuka, vipande hudondoka na kufagiliwa. Dumuzi na mchwa nao hawaulizi umri. Unga mpya chini ya mguu wa kabati ni ishara kuwa mla mbao bado yumo ndani.

Hapa dini yetu ina neno. Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji ambao juu haukuonekana. Mwenye chakula akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, na akalikemea ghushi kwa ukali ambao kila mtoto wa chuoni ameusikia. Kabati lenye mguu uliobadilishwa, lililopakwa vanishi mpya ili kuficha matundu, likaitwa la mwaka 1780 ilhali ni la 1900, halina tofauti na rundo lile. Tena mfanya ghushi hana hata udhuru wa mvua.

Kwa nafasi hii nimetunga ubeti mmoja, wausome muuzaji na mnunuzi:

Mwuza kitu cha zamani, usifiche penye ila,
Mwenzio huko nyumbani, asijute akilala,
Mnunuzi nawe ndani, tazama kila mahala,
Fedha chache za imani, zapita nyingi za hila.

BEI IKO WAPI

Mwaka 2004 mjini London kabati moja la Kitaliano, lililoagizwa na bwana mkubwa wa Kiingereza katika karne ya 18 na kuitwa kabati la Badminton, liliuzwa mnadani kwa pauni zaidi ya milioni 19. Hakuna samani iliyokuwa imepata kuuzwa kwa bei hiyo. Habari kama hizi humfanya mwenye kabati Kakamega asilale usiku.

Lakini asilolijua ni kuwa samani za kawaida za Kiingereza, zile za mbao za hudhurungi, zimeshuka bei sana tangu kuanza kwa karne hii ya 21. Vijana wa London wakaa vyumba vidogo, hawataki makabati marefu. Lililopanda ni lile lenye nasaba. Kabati la Badminton lajulikana aliyeliagiza, karakana iliyoliunda huko Florence, na nyumba lililokaa kwa vizazi. Katika lile jumba la makumbusho la Victoria na Albert kuna kabati la Kimbolton, lililochorwa na Robert Adam na kuundwa kati ya 1771 na 1776 kwa ajili ya mke wa bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza, madhumuni yake makubwa yakiwa kushika vibao vya mawe vya Florence. Nyuma ya mawe hayo fundi Baccio Cappelli aliandika jina lake na mwaka wake, 1709. Fundi mmoja, miaka zaidi ya 300 iliyopita, alitumia dakika mbili kuandika jina lake mahali pasipoonekana, na mpaka leo ajulikana.

Jibu la swali letu la kwanza ni hili basi. Fundi wa njiani ana haki akisema mbao zake ni ngumu zaidi. Mwenye kabati ana haki akisema lake ni adimu. Lakini bei haiko kwenye mbao wala kwenye uadimu peke yake. Iko katika nasaba, na nasaba yataka ushahidi: hati ya mnada, barua, picha ya kabati limesimama nyumbani mwa fulani. Kabati lisilo na haya ni kama mgeni aliyekuja posa pasina mtu wa kumjua. Huenda ni mtu wa maana, lakini nani atakayesema?

NA LETU SISI?

Sasa turudi pwani. Waingereza wameandika hati ya kabati la pauni 86. Sisi tumeandika nini juu ya kiti cha enzi?

Kiti cha enzi ni njumu yetu. Kimeundwa kwa mpingo, kikasukwa kwa kamba nyembamba kitini na mgongoni, na kikapachikwa vipande vya pembe au mfupa. Walikikalia wenye vyeo na wageni wa heshima, na baadhi yake wavikuta Makumbusho ya Lamu na Ngome ya Yesu, Mombasa. Waliounda walikuwa mafundi wa Lamu, Pate na Siyu, mji uliosifika pia kwa kazi ya ngozi na kwa kunakili Misahafu. Wataje majina ya watano kati yao. Huwezi, na si kosa lako peke yako. Hakuna aliyeandika chini ya kiti. Aliyechonga mlango aliandika Bismillahi na mwaka wa Hijra juu ya kizingiti, jina lake akaliacha. Huenda ni unyenyekevu, nao ni sifa njema. Lakini unyenyekevu wa fundi umegeuka faida ya mchuuzi, maana chombo kisicho na jina hununuliwa kwa bei ya yatima.

Tazama njumu zenyewe zilivyotofautiana. Mwingereza aliweka nyuso za miungu ya Warumi ambayo yeye mwenyewe hakuiamini, akaiona pambo tu. Fundi wetu alijizuia na sura ya kiumbe chenye roho, akajaza mlango kwa mnyororo, mawimbi, waridi na mtende. Mtu asiyejua husema hizi ni nakshi tu. Mwenye kujua huona ndani yake dini, bahari na biashara.

Sheria ya nchi, twashukuru, imeliona jambo hili kwa sehemu. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 yasema kuwa kitu cha kuhamishika kilichoundwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale kwa mujibu wa sheria, na hakitolewi nchini pasi na kibali. Vilevile mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 inaweza kulindwa.

Fikiri maana yake, ndugu msomaji. Lile kabati la Kiingereza, hata likiwa la mwaka 1780 kweli, kama liliingia nchini na watu wa dhahabu baada ya 1931, si kitu cha kale mbele ya sheria ya Kenya. Lakini kasha la bibi yako, lile lenye misumari ya shaba lililokuja na jahazi kutoka Bombay au Surat enzi za masultani, lile ambalo watoto hulikalia wakila urojo na ambalo mwaka jana ulitaka kumpa mwuza vyuma chakavu, hilo lalindwa na sheria. Tofauti ni moja tu: wewe huna ushahidi wa mwaka lilipofika. Shangazi ajua, naye hakuulizwa.

Kwa upande wa pembe, sheria ni kali zaidi. Biashara ya pembe za ndovu kati ya mataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, mwaka ule ule Kenya ilipochoma tani 12 Nairobi. Uingereza nao walipitisha sheria yao mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022, na hata kabati la kale lenye pembe kidogo lapasa kusajiliwa kabla ya kuuzwa huko. Hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 haimwachii mtu kufanya biashara ya pembe bila ya idhini. Basi mwenye kiti cha enzi chenye pembe asikubali maneno ya mchuuzi wa usiku. Atakayekamatwa bandarini ni mwenye kiti pamoja na mchuuzi.

LA KUFANYA

Hatuandiki haya ili watu wasiuze. Mali ni ya mwenyewe, na shida haina adabu. Mtu akiuguliwa na mtoto hawezi kuambiwa akatazame nakshi. Lakini kabla ya kuuza pana mambo ambayo hayagharimu kitu.

La kwanza, kaa na wazee uandike. Chukua daftari la shule: kasha hili lilitoka wapi, lilikuja na arusi ya nani, fundi alikuwa nani kama ajulikana, lilihama nyumba lini. Piga picha, uandike tarehe nyuma yake. Aliyeulizwa leo huenda kesho hayupo.

La pili, usilisugue. Wengi huanza kwa kulipiga msasa, kulitia vanishi na kubadilisha bawaba za shaba kwa bawaba za dukani, wakidhani wanaongeza thamani. Wanafuta ushahidi. Mfute vumbi, uue dumuzi, uishie hapo.

La tatu, uliza kabla ya kutaja bei. Wataalamu wa makumbusho wako Mombasa na Lamu, na kazi yao moja ni kutazama vitu hivi.

La nne, ndilo kubwa. Kasha la marehemu si la mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani. Ni mirathi. Kila mrithi ana fungu lake, dada pamoja na kaka, na mjane pia, hata kama kasha halipasuliwi kwa shoka. Hukadiriwa thamani yake kwa haki, anayelitaka akalichukua na wenziwe wakapewa haki zao, au wote wakaridhia kuliuza. Ni wangapi wamerudi kutoka Dubai au Nairobi wakakuta mlango wa babu umeng'olewa na fremu yake, mahali pake pametiwa mlango wa chuma, na ndugu aliyeuza asema alipewa "fedha kidogo za kutengeneza paa"? Hapo iliyouzwa si mbao. Ni haki ya watu wengine na jina la ukoo mzima.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliwaahidi Waafrika kwa sheria kuwa ardhi ya hifadhi yao ni yao daima, na ikichukuliwa watapewa nyingine mahali pake. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1932, na ahadi ya ardhi kwa ardhi ikaondolewa kwa wale waliokuwa juu ya machimbo. Hawakujua kilichokuwa chini ya nyayo zao mpaka mwingine alipokijua. Aliyekijua kwanza ndiye aliyetaja bei.

Hayo yalikuwa ya ardhi, na yalifanywa kwa nguvu za serikali. Ya kasha na kiti twayafanya wenyewe, kwa hiari, mlangoni petu, na mara nyingi twasindikiza mnunuzi mpaka kwenye gari. Mwenye kabati la Kakamega, akilijua lake, aliuze kwa heri na aliseme kwa ukweli. Nasi tulijue letu kwanza, ndipo tuseme kama twauza.